Mama Mkwe Katika Kave

Nyumba yetu iko Kasuku, mtaa wa mji wa Kindu. Ni ya matofali mekundu, ya enzi za Wabelgiji, na marehemu baba yangu, aliyekuwa fundi wa reli, ndiye aliyeniachia. Chini yake kuna chumba kilichochimbwa ardhini, ambacho sisi tunakiita kave. Kwa miaka mingi hatukuingia humo ila kutupa magunia na baiskeli mbovu.

Kiangazi kilichopita mke wangu alisema kave ile igeuzwe chumba cha mama yake. Mama alikuwa peke yake Kibombo, macho yameanza kumfifia, na chumba cha chini kina baridi nzuri.

"Tuite fundi," akasema.

"Hapana, tutafanya wenyewe," nikajibu.

Alidhani ni ubahili. Kweli ni kwamba sikutaka mgeni ashike kuta zile.

Tukaanza. Mimi nilichimba matope yaliyoganda sakafuni, yeye akayapandisha kwa ndoo. Tukakoroga simenti juu ya bati kuukuu, tukaipaka ukutani kwa zamu. Yeye alikuwa na mkono laini kuliko wangu. Sehemu zangu alizipitia upya bila kusema kitu. Siku moja akafika kwenye misumari miwili yenye kutu, mmoja huku, mwingine kule.

"Hapa njo tulikuwa tunatundika kikwembe," akasema. "Mpaka siku wewe ulikitoa."

Nikaendelea kukoroga.

Wakati wa vita mji wetu ulizungukwa. Chakula cha vijijini hakikuingia, na risasi zilipita juu ya mapaa mchana kweupe. Tuliishi watatu ndani ya kave: mimi, mke wangu na mama yake. Kwetu mtu hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, akimwona njiani anapisha. Kwa hiyo tulitundika kikwembe, kitambaa cha wanawake cha kujifunga, katikati. Mimi nilikohoa kabla ya kusogea, nilikula nikielekea ukuta, na ndoo ya haja ilikaa upande wao. Mimi nilingoja risasi zitulie, nikatoka kujisaidia nje.

Asubuhi moja mke wangu alikwenda kutafuta sombe, majani ya mihogo, kwenye mashamba ya pembeni mwa mji. Mama yake alikuwa anaumwa tumbo tangu jana yake. Mara milio ikaanza upande ule aliokwenda, na nikajua hatarudi upesi. Nyuma ya kikwembe nikasikia kishindo, kama gunia limeanguka.

"Mama?"

"Usikuje," akasema.

Nikakaa. Nikasikia anajaribu kuinuka, anashindwa, anajaribu tena. Baadaye sauti yake ikatoka ndogo sana.

"Mukwe wangu. Siwezi."

Nikainua kikwembe. Alikuwa ameangukia ndoo, na yote yamemwagika juu yake. Sitaeleza zaidi nilivyomkuta. Nilifumba macho, lakini huwezi kumsafisha mtu macho yamefumbwa. Nikafungua. Nilitumia maji yetu ya kunywa. Yeye alijifunika uso kwa mkono na kulia kimya kimya, na mimi nikayamimina yote, ingawa hatukuwa na mengine. Nguo safi haikuwepo, kwa hiyo nikakitungua kile kikwembe, nikamfunga nacho. Kisha nikamgeuzia mgongo.

"Mutoto wangu asijue," akasema.

"Hatajua, mama."

Mke wangu alirudi kesho yake, akakuta hakuna tena kitu kati yangu na mama yake. Nikamwambia mama alisikia baridi. Hakuniamini.

"Umetoa kikwembe, mama yangu alale mbele yako? Hauna haya?"

Nilikuwa nayo, tele. Nikainamisha kichwa.

Vita vilipokwisha mama alirudi Kibombo, na hakukanyaga tena kwetu. Akija Kindu alifikia kwa binamu yake ng'ambo ya mto. Mke wangu aliniuliza mara nyingi nilimkosea nini mama yake, na kila nilipokaa kimya alizidi kuamini kwamba nilimkosea. Kwenye matanga nikimwona yule mama, nilipita nyuma ya nyumba. Sikuwa nimetenda ubaya. Lakini nilikuwa nimeona, na macho yangu yalinitia aibu kana kwamba ni mali ya wizi.

Kave ilipokauka, mke wangu alimpokea mama kwenye gari la moshi, akamleta nyumbani moja kwa moja. Mama alifika juu ya ngazi za kave, akashika mlango.

"Kule chini siingii."

"Mama, tumekutengenezea! Njo chumba yako!" Kisha akanigeukia mimi. "Unaona? Njo wewe unamukimbiza, miaka yote hii!"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

"Mwache," mama akasema, uso wake ukutani. "Huyu muntu alinisafisha. Nilijichafua kama mutoto muchanga, na wewe haukuwako. Alinisafisha, akanivalisha. Njo sababu siwezi kumuangalia."

Mke wangu akakaa chini palepale. Mimi nikatoka uani, masikio yananiwaka. Alinifuata baadaye.

"Nilikutukana miaka yote ile."

"Mama alisema usijue."

"Na wewe unanyamaza tu!" Alikuwa na hasira na machozi pamoja. "Ni mama yangu. Kazi ile ilikuwa yangu. Mimi nilikuwa najificha kwa watu, ninakula mihogo yao."

Nilikuwa nimenyamaza ili aibu ibaki kwangu na kwa mama, na sasa na yeye amepata fungu lake.

Mama tulimpa chumba chetu cha juu. Kwenye kave tunalala sisi, na harufu ya simenti bado haijaisha. Chakula chake anapelekewa na binti yake, na mimi nakohoa kabla ya kupita sebuleni. Lakini juzi alinisemesha kutoka nyuma ya mlango, akaniuliza kama mpunga wa mwaka huu ni mzuri sokoni. Nikamwambia ni mzuri, ila una mawe. Akasema wa Kibombo hauna mawe. Nikasema ndiyo, mama. Nilisimama pale kidogo, nimeinamisha kichwa ingawa hakuniona, kisha nikaenda zangu.