Makochi Mbele ya Spika

Soko lilipoachiwa huru, wanunuzi wa alizeti wakaanza kumiminika Singida kutoka Dar na Arusha, na mjomba wangu akapata wazimu. Alikuwa na ukumbi wa disko pale Ilongero. Mimi ndiye niliyempigia muziki, msichana pekee wa kazi hiyo mjini, na sikumwomba mtu radhi kwa hilo. Kaseti zilikuwa zangu. Nilijua wimbo gani huwatoa vijana wa Ilongero ukutani na upi huwarudisha.

Mjomba akanunua makochi mekundu, akaandika VIP kwenye ubao, akayapanga mbele kabisa, pua na spika. Kwetu mgeni wa heshima hukaa mbele. Kumweka nyuma ni kumtukana. Lakini wanunuzi wamekuja kuzungumza biashara, wewe unawapigia besi sikioni! Jumamosi ya kwanza walivumilia. Ya pili wakamwita mjomba, naye akaniambia nipunguze sauti. Nikapunguza. Wakataka zouk ya polepole. Nikaweka. Vijana waliolipa kiingilio chao wakabaki wamesimama, wananitazama mimi. Niliona aibu, halafu nikakasirika.

Jumamosi ya tatu, jua bado halijazama, amri ikaja tena.

"Sipunguzi, mjomba. Makochi yapelekwe uani, karibu na jiko, wazungumze huko."

"Mgeni akae jikoni? Hujui mgeni njoo mwenyeji apone?"

"Mwenyeji gani amepona hapa? Si hao wameganda ukutani!"

"Basi toka."

Nikazima redio, nikaanza kupanga kaseti zangu kwenye boksi. Kazi hiyo niliipenda kuliko kitu chochote. Mnunuzi mmoja, mtu mzima, akainuka kwenye kochi akaja kuuliza kulikoni.

"Shikamoo," nikamwamkia kwanza. Hasira haifuti adabu. Kisha nikamweleza yote.

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe ile ni heshima? Sisi tulidhani mnatufukuza!"

Akashika kochi upande mmoja, mimi upande wa pili, tukalitoa uani. Wenzake wakafuata na mengine.

Nikarudi, nikaweka kaseti, nikazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Mjomba akanijia mbio, kidole juu. Sikuondoa mkono. Nilimwonyesha ukuta kwa kidevu: hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeuegemea.