Mafundo ya majani kwenye njia ya Opala

Siku zile zetu, ninyi wenzangu mliozaliwa Stan kabla haijaitwa Kisangani, vakansi haikuwa kulala mpaka jua ligonge dirisha. Shule ikifungwa, kazi inafunguliwa. Unateka maji ya mto Tshopo, unatwanga ndizi za lituma mpaka viganja vinawaka, unasugua masufuria kwa mchanga. Mama anapitisha kidole ndani, akiona weusi, unaanza upya. Hatukujibu. Mjukuu wa leo ukimwambia aoshe sahani anakuuliza, "Koko, mbona mimi?" Neno hilo "mbona" kwetu lilikuwa halijafika midomoni.

Lakini kucheza tulicheza. Nzango tuliicheza mpaka ua wote ukabaki vumbi tupu, makofi, nyimbo, unaruka juu na kutupa mguu mbele ya mwenzako. Hapo hakuna aliyemshinda Vero. Vero alikuwa jirani yangu, mtoto wa pekee wa Mama Albertina, mjane aliyeuza makayabu sokoni. Ukimkaribia Vero ulisikia harufu ya samaki wa chumvi, na tulimtania kwa hilo, naye akatuambia, "Nusa vizuri, kwenu munakula sombe kavu bila samaki."

Tulikuwa na mchezo mwingine, wa uchokozi. Unashika majani marefu ya upande huu wa njia na ya upande ule, unayafunga fundo katikati, unajificha. Mwenzako anakuja na ndoo kichwani, mguu unanasa, puu! Maji yote chini. Nyumbani anapigwa, na kesho anakufungia wewe. Mimi na Vero tulifungiana mafundo hayo mwaka mzima.

Ikaja vakansi moja kubwa. Masere, ndivyo tulivyomwita mtawa aliyetufundisha, akasema wasichana wa darasa letu watakwenda naye kijijini, njia ya Opala, kupanda miti. Pale watu wa mbao walikuwa wamekata msitu ukabaki uwazi, na Leta, yaani serikali ya wazungu, ilitaka miti irudi na pori lilindwe. Hatukulipwa kitu. Tulifurahi kupanda lori na kuziacha sufuria za mama zetu.

Mama Albertina alikataa. Vero akalia, akakataa chakula, akakaa mlangoni na uso umevimba. Mwishoni mama yake alituita wote wawili, akatushika masikio.

"Munaenda wawili," akasema. "Mutarudi wawili."

Tukaitika kwa pamoja, "Ndiyo, mama."

Kijijini tulilala kwenye kanisa la udongo, juu ya mikeka. Asubuhi umande baridi kama nini, miguu mitupu, jembe begani. Aliyetuonyesha njia alikuwa Papa Lifeta, mwindaji wa pale, mwembamba, meno machache, mdomo mwingi. Alitucheka tangu siku ya kwanza.

"Bana ya ville! Watoto wa mjini, jembe munashika kama kijiko."

"Papa, na wewe meno umeyapanda wapi?" Vero akamjibu.

Masere alikasirika, lakini mzee alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo Vero akawa mtoto wake. Alimletea mposé zilizochomwa, wale wadudu wanono wa mchikichi, na Vero alizila bila kukunja uso ili kumwonyesha kwamba wa mjini naye ni mtu.

Bwana wa miti alikuwa mzungu mwenye kofia na kamba. Kila alipovuta kamba yake, nyuma ya kamba kulikuwa pori ya Leta. Mtu hawindi humo, hategi humo. Anayetega anakwenda jela, na fimbo kwanza. Sisi tulipanda miche kufuata kamba, na kila tulipomaliza mstari kamba ilisogea mbele. Ikafika kijito. Jioni moja Bwana akasema kesho tutavuka. Nakumbuka Papa Lifeta alisogea karibu naye na kusema, "Bwana, ngoja kidogo kule. Kule si kuzuri." Bwana akamuuliza kuna nini. Mzee akaangalia polisi aliyesimama nyuma ya Bwana na bunduki. Akasema, "Hakuna kitu. Nyoka tu."

Bwana akacheka. Wazungu walikuwa wakiambiwa nyoka kila siku.

Asubuhi tulivuka kijito. Vero alitangulia, mimi nyuma yake, wengine bado wanaosha miguu, Papa Lifeta bado anashusha miche kwenye lori. Na njia yote ng'ambo ile ilikuwa imefungwa mafundo. Majani mabichi, yamekazwa vizuri, fundo hapa, hatua chache fundo lingine, usawa wa magoti. Vero akasimama, mikono kiunoni, akageuka kuniangalia.

"Marta! Unazani mimi ni mujinga?"

"Si mimi!"

"Muongo wewe. Iko mukono yako hii, naijua."

"Vero, naapa, si mimi!"

"Bon. Utaona."

Akaanza kuyafungua, moja baada ya jingine, anaimba wimbo wetu wa nzango na kunicheka. La mwisho hakulifungua. Aliliruka, ule mruko wake wa nzango, mguu mmoja mbele, na ardhi ikammeza.

Lilikuwa shimo la nguruwe wa pori, limefunikwa matawi na majani makavu. Chini kulikuwa na vijiti vilivyochongwa. Sitaeleza nilichoona. Wengi wenu mmeona mambo katika nchi hii, mnaweza kuyaweka mahali pake.

Nilipiga kelele. Wa kwanza kufika alikuwa Papa Lifeta. Nimeyafikiria sana haya maisha yangu yote: mtu yule alikuwa na msitu mzima wa kukimbilia. Alishuka shimoni, akamtoa Vero, akamweka mgongoni kama mama anavyobeba, akakimbia naye mpaka kwenye lori. Damu ilimshuka mpaka visigino.

Bwana alikuwa pale na kamba yake mkononi. Hakuwasha gari. Aliuliza, "Nani alichimba shimo katika pori ya Leta?"

Kijiji kizima kikaangalia chini. Masere akasema kitu kwa kifaransa, kwa sauti ya juu. Bwana akarudia, "Nani?"

"Ni mimi," Papa Lifeta akasema. "Lilichimbwa na baba yangu, mimi nalitengeneza. Kamba yako imelikuta. Alors, munangoja nini? Washa gari. Mutoto iko anakufa."

Wakamfunga mikono, wakampandisha lori lile lile. Nafasi ilikuwa ndogo. Kichwa cha Vero kilikuwa mapajani kwangu, na miguu yake mapajani kwa Papa Lifeta, na yeye kwa mikono iliyofungwa aliishikilia isigonge mbao kila lori liliporuka shimo la barabara.

Ninyi mnaojua upande wa Lubunga mnajua kwamba pale unasubiri kivuko cha kwenda mjini, kwenye hospitali. Kilikuwa ng'ambo. Tulisubiri na jua kali, Masere na rozari yake, mimi nafukuza nzi. Kivuko kilipofika, gari la mzungu mmoja wa biashara likapita mbele yetu, na sisi nyuma yake. Katikati ya mto Vero akafungua macho.

"Marta, sema kweli. Ni wewe ulifunga?"

"Si mimi, Vero."

Safari hii aliniamini. "Basi nani alikuwa anacheza na sisi?"

Papa Lifeta alisikia. Aliikumbatia miguu yake kwa mikono ile iliyofungwa. Kivuko kilipogusa upande wa mji, Vero alikuwa ameshakwenda.

Kwenye matanga Mama Albertina aliniangalia mimi niliyerudi peke yangu. Siku ya kumaliza matanga akaja mwanamke wa kijijini, miguu imejaa vumbi la Opala, akakaa chini mlangoni. Alikuwa mke wa Papa Lifeta. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kwao fundo la majani njiani maana yake ni simama, mbele kuna mtego, na hata mtoto anayeanza kutembea analijua. Mume wake hakuweza kusema kwa mdomo mbele ya polisi. Ndiyo maana jioni ile alivuka kijito peke yake, akafunga njia nzima, na aliporudi alimwambia yeye mkewe, "Bana ya ville wataona. Nimefunga mengi."

Nilisubiri Mama Albertina ampige. Alinyanyuka, akamletea maji ya kunywa.

Papa Lifeta hakutoka jela akiwa hai. Walisema ni tumbo.

Miche yetu ilikua ikawa miti ambayo watu wawili hawaizungushii mikono. Sasa inapita kwenye malori, imekatwa magogo, inakwenda sijui wapi. Na juzi mjukuu wangu Grâce, mwanafunzi wa chuo, alikuja na kofia mpya na kucha za rangi. Vakansi hii anakwenda na wenzake kijijini kupanda miti na kulinda msitu. Kabla hajashika jembe ameshapiga picha na jembe. Sikumkataza. Miti ni mizuri, nani atasema vibaya juu ya mti?

Nilimpeleka nyuma ya nyumba, nikashika majani ya pande mbili, nikafunga fundo.

"Koko, ni jeu ya kucheza?" akauliza, akanyoosha mkono alifungue.

Nikampiga mkono huo. Nikamweleza. Nikamsimamisha mbele ya fundo mpaka gari lao likapiga honi barabarani, likapiga tena.

"Munaenda wangapi?" nikamuuliza.

"Saba, koko."

"Basi mutarudi saba."

Akacheka, akanibusu shavuni, akakimbia. Sisi siku ile hatukucheka. Tuliitika "Ndiyo, mama," wote wawili, kwa adabu.