Baraka Aliyoipangusa Mwalimu Ladan

Mwalimu Ladan alipotoka Hargeisa kuja kufundisha hesabu Nyeri, alijiapia kuwa hatakuwa mgeni wa kununa. Na kweli alijitahidi. Kwa miaka miwili alikunywa chai ya saa nne kwa viazi vitamu, akazoea baridi ya Julai, akaweza hata kujibu salamu za Kikuyu bila watu kucheka sana. Akipiga simu nyumbani alijisifu kwamba watu hawa sasa amewajua. Haya, sikiliza basi alivyowajua.

Mwanafunzi wake Shiku alikuwa amepita mtihani, na Jumatatu angekwenda chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wao. Wachuka, shangazi yake Shiku, aliyefanya kazi shule moja na Ladan, akamwalika kwenye sherehe ya kumuaga msichana huyo kwao Wamagana. Aliyesisitiza hasa ni cucu, yaani nyanya yake Shiku, mama wa miaka themanini na ushei. Alitaka kumwona kwa macho yake huyo mwalimu aliyekuwa akibaki na mjukuu wake kila jioni hadi hesabu zikaingia. Hata mbuzi hakuchinjwa ovyo. Walimwita Awil, Msomali mwenzake Ladan, mfanyabiashara wa mifugo, akatoka Nanyuki kwa shughuli hiyo tu, ili mgeni wao Mwislamu ale bila wasiwasi.

Kabla ya chakula cucu akataka watu wanyamaze. Akamwita Ladan mbele, akamwonyesha kwa mkono apige magoti.

"Mwarimu, reta mikono," alisema kwa lafudhi yake ya Kikuyu.

Ladan akanyoosha viganja huku akitabasamu, akidhani anapewa zawadi. Cucu akainama, akanong'ona maneno kwa Kikuyu, kisha akamtemea mate kidogo katikati ya viganja, mara mbili. Ndivyo wazee wa huko wanavyombariki mtu waliyemfanya mtoto wao, na siku hizi si kila mtu anayepata bahati hiyo.

Wachuka alikuwa amemweleza mengi njiani, ila hilo lilimpita. Ladan akaruka nyuma. Mkono ukaingia mkobani, ukatoka na kichupa cha sanitaiza. Akajipaka, akasugua kidole kwa kidole, akamalizia kwa tishu. Alipoinua macho aliona nyumba nzima inamtazama. Wachuka alikuwa ameinamisha kichwa.

Cucu hakukasirika; afadhali angekasirika. Alimgeukia Shiku, maana siku ilikuwa ya Shiku, akambariki vile vile, polepole zaidi, machozi yakimlengalenga.

"Pengine hutanipata ukimariza," alimwambia.

Shiku akainuka, akaja moja kwa moja kwa Ladan, viganja wazi.

"Mwalimu, nipatie pia mimi hiyo sanitaiza kidogo."

Aliomba kwa adabu kabisa, kama alivyokuwa akiomba chaki. Miaka miwili alikuwa amemwiga mwalimu huyu: mwandiko, mwendo, hata namna ya kukunja mikono ya sweta. Sasa alikuwa anamwiga tena. Uso wa Ladan ukawaka. Akamkumbuka babu yake Hargeisa, alivyokuwa akimsomea Kurani akiwa na homa, kisha anamtemea mate kichwani, naye analala akijua atapona. Mate yale hakuwahi kuyafuta. Ya babu yake yalikuwa dua, ya mama wa watu yakawa uchafu! Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hapana, Shiku, usipanguse. Ni mimi nimekosea." Akarudi kupiga magoti mbele ya cucu, mikono mbele. "Nisamehe, cucu. Nibariki tena, tafadhali."

Cucu akamshika bega kwa upole.

"Baraka si chai, mwarimu, ati nikuongeze. Amka ukure nyama, imechinjwa na mtu wenu."

Watu wakacheka, sufuria zikafunuliwa, na wengi wakadhani yamekwisha. Ladan akaketi na sahani yake. Mbele yake Shiku alikuwa amekaa mikono ikiwa chini ya meza, anaipangusa kwa sketi taratibu, nyanya yake asimwone. Macho yao yalipokutana, Shiku akamtabasamia mwalimu wake.