Jiwe la Upande wa Wanawake

Maji yakimwagika kwenye jiwe lililochomwa na jua, hutoka harufu fulani ya vumbi na moshi. Kila nikiinusa narudi kwenye lile kanisa la kilimani, juu ya ziwa, nje ya Kisumu. Sisi tuliliita basilika. Kama Roma ilikuwa na habari sijui, lakini lilikuwa na minara miwili, na hiyo ilitutosha.

Nilikuwa na miaka minane. Dani, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa haoni tena kwa sababu ya mtoto wa jicho. Daktari wa mjini alishampangia siku ya upasuaji, naye akakataa katakata kwenda kabla hajaligusa jiwe lao.

Habari za jiwe hilo kila mtu kwetu alizijua. Mapadri wa kwanza walijenga ukuta mchana, usiku ukaanguka, mpaka kila boma lilipoombwa lilete jiwe lake. Mama yake dani alilibeba la kwao kichwani kutoka ufukweni bila kulitua hata mara moja, na ukuta ukasimama. Tangu hapo ikasemekana kwamba ukiligusa jiwe la kwenu ukiwa na ombi, nalo likawa moto mkononi, basi umekubaliwa.

"Iko nje, kando ya mlango ya wanawake," dani alinieleza tukipanda. "Ina mistari tatu."

Nikaona mlango ambapo akina mama watatu walikuwa wameketi wakiuza rozari na ndizi, nikajua ndio huo. Mistari mitatu sikuiona. Nilitafuta hadi jasho likaniingia machoni. Mawe yote yalikuwa na mikwaruzo, mengine na kinyesi cha popo. Dani alisubiri ameinua uso, upepo wa ziwa ukimpiga shavuni. Nikaingiwa na hofu. Nikisema sijaliona, tungerudi nyumbani, naye angebaki gizani kwa sababu yangu. Basi nikauchukua mkono wake nikauweka kwenye jiwe la karibu.

"Ni hii, dani."

Alilipapasa polepole, pembe hadi pembe. Kisha akacheka kidogo.

"Iko moto, nyakwara." Hivyo ndivyo alivyozoea kuniita, mjukuu wangu. "Sasa huyo daktari anaweza kunikata."

Wiki hiyo hiyo alikwenda. Mimi huku nililala na dhambi yangu, maana mwalimu wa katekisimu alishatuambia waongo wanakokwenda. Bendeji zilipotolewa, dani alinitazama akasema, "Kumbe uko mwembamba hivi?" Nikalia kwa furaha na kwa woga, vyote pamoja.

Krismasi tulirudi kushukuru. Safari hii yeye ndiye aliyetangulia. Aliwapita wauza rozari bila kusimama, akazunguka kanisa hadi upande wa kushoto, kivulini. Zamani wanawake waliketi kushoto na wanaume kulia, kila upande na mlango wake. Mimi nilizaliwa watu wameshachanganyika. Kando ya mlango huo lilikuwapo jiwe lenye mistari mitatu. Aliweka kiganja chake, kisha akaweka changu.

"Ni baridi, dani," nikasema, nikingoja kukemewa.

"Siku zote iko hivyo. Hata mama yangu aliniambia hivyo."

Sikuelewa. Nilishukuru tu kwamba hakuniuliza kitu, nikamkimbilia muuza ndizi.

Nimekuja kuelewa ukubwani. Mtu aliyesali mahali pamoja maisha yake yote huhitaji macho ya nini? Upepo wa ziwa ulishamwambia kwamba nimempeleka kwenye ukuta wa wanaume, ule unaopigwa na jua mchana kutwa, ambako kila jiwe ni moto. Na kile kisu alikiogopa sana, mama ameniambia. Angeweza kusema jiwe si hilo, akarudi nyumbani na sababu yake nzuri. Lakini alikuwa amenisikia nikihangaika kutoka jiwe hadi jiwe, akaona heri akatwe kuliko niteremke kile kilima nikidhani nimemwangusha.