Mashine Niliyosema Inapumzika

Nakumbuka siku moja kule Itetemia, mwanangu, miaka ile ya Ujamaa, nilipoizima mashine ya kusaga ya kijiji kizima kwa kiburi changu tu. Nakusimulia kwa sababu umeniambia umefuta mistari ya programu ya mwenzako ukidhani haina kazi, ofisi nzima ikasimama, na mpaka sasa hujathubutu kusema ni wewe.

Nilikuwa nimetoka mafunzo ya ufundi, natembea kifua mbele. Fundi mkuu alikuwa Mzee Nassoro, Mwarabu wa mjini, mpole kweli. Kila asubuhi alitandaza kitambaa cha kaniki mdomoni mwa tangi, akamimina dizeli pole pole. Lo, nilivyomcheka! Alipokwenda Kitete kumtazama mkewe hospitalini, nikakitupa kitambaa kile, nikamimina debe zima kwa mkupuo.

Haikufika saa nne, mashine ikakohoa, ikazimika. Takataka za pipa la dizeli, zilizokuwa zikinaswa na kitambaa kile, zilikuwa zimeziba njia ya mafuta. Mama Kabula alikuwa pale na mahindi ya uji. Binti yake alikuwa amejifungua jana yake.

"Baba, mbona kimya?"

"Inapumzika, mama. Ngoja kidogo."

Uongo mtupu! Akangoja mpaka jua likapinduka, akaniachia mahindi yake, akarudi kwa binti yake.

Mzee Nassoro aliporudi alasiri, nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote.

"Marahaba. Ulimuuliza nani kabla ya kukitupa?"

"Sikuuliza, mzee."

"Na mimi sikukwambia kwa nini nakiweka. Hapo nimekosa. Lakini uji wa mzazi haungoji fundi. Shika mchi."

Nikatwanga, mwanamume mzima, wanawake wakiangua vicheko: "Fundi, taratibu, utatoboa kinu!" Viganja vikatoka malengelenge. Unga nikaupeleka mwenyewe kwa Mama Kabula, nikamwambia kweli. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia asubuhi, ningekwenda kusaga mjini. Binti yangu kashinda na njaa kwa neno lako."

Neno hilo linaniuma hadi leo.

Kuuliza si ujinga, mwanangu, na ukiona vyaelea, vimeundwa. Usifute kazi ya mtu kabla hujajua sababu yake, na kazi yako iandikie sababu, atakayekuja asibahatishe. Kukosea utakosea tu, nani hakosei? Lakini ukikosea, sema mapema. Ukinyamaza kulinda heshima yako, yuko mtu anangoja.

Basi inuka, kawaambie sasa hivi. Mungu akupe moyo wa kusema "ni mimi", na akukutanishe na wa kukusamehe. Amina.