Suruali ya Mpira ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu, toka nitoke, baba mmoja mama mmoja, watu wamemwita Korongo tangu akiwa msichana wa miaka kumi na miwili. Walidhani wanamtania, kumbe yeye alilipenda jina lile. Miguu yake ilikuwa mirefu mpaka mama akawa anaongeza pindo katika kila gauni, na duniani alipenda kitu kimoja tu, kusimama katikati ya mto wetu, maji yamemfika mapajani, fimbo ya kuvulia mkononi, kimya. Samaki wa madoadoa wa maji baridi hawataki kivuli wala kishindo. Mimi nilifuatana naye mara moja, nikapiga chafya, akaniambia, "Dada, rudi nyumbani ukapike." Sikwenda tena.

Aliolewa, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume. Akapiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali miaka ishirini na sita, mashuka na makoti ya madaktari, mvuke mpaka kuta zinatoka jasho. Ikifika saa tisa wenzake wanakwenda nyumbani, yeye anakwenda mtoni. Nilimuuliza unatafuta nini kule, na samaki wenyewe nusu unawarudisha majini. Akasema, "Kule hakuna anayeniita." Sikumwelewa. Mimi napenda kuitwa.

Alipostaafu akawa anashinda huko. Alivaa mabuti ya mvua ya kawaida, yale ya kufika magotini, na yakishajaa maji unatembea na ndoo mbili miguuni. Mwaka wa tatu magoti yakavimba, vidole vya miguu vikafa ganzi. Daktari akamwambia achague: atoke majini kabisa, au avae suruali ya mpira ya kufika kifuani, ile iliyoungana na soksi zake za mpira, baridi isimguse.

"Nikitoka majini nitakaa wapi, dada?" akaniuliza. "Kwenye kochi, nikikutazama wewe?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi tukaenda duka la vifaa vya uvuvi, mimi na yeye. Nilikwenda kwa sababu mimi ni mkubwa, na mdogo wangu hajui kununua kitu, anapewa kibovu anasema asante. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akatoa suruali mbili. Ya kwanza rangi ya tope, pana, makalio yananing'inia kama gunia nusu tupu. Ya pili ya kijani, imekaa mwilini sawasawa, mtu akipita nayo barabarani anaonekana mtu.

Muuzaji akasema, "Mama, usiijaribu hivi hivi. Vaa kwanza soksi nene utakazovaa mtoni. Halafu chuchumaa. Halafu piga goti, kisha panda na mguu mmoja juu ya kiti hiki. Ikikuvuta popote, siyo yako."

Dukani mlikuwa na wanaume wawili wanachagua ndoana. Wote wakageuka. Mdogo wangu ana miaka sitini na minne, mjane, ameshaanza kuinama.

"Inuka," nikamwambia. "Huchuchumai mbele ya watu kama unatafuta sindano."

"Dada, wacha nijaribu tu."

"Simama wima tukuone."

Muuzaji akasema, "Bibi, mtoni hakuna anayesimama wima."

Nikamuuliza, "Wewe maneno unayo. Na samaki umevua wangapi?"

"Nimevua mpaka nimezama mara mbili. Ndiyo maana siku hizi nauza."

Wale wanaume wakacheka, Korongo naye akacheka. Mimi nilidhani wananicheka mimi, nikakaza uzi. Nikasema tunachukua ya kijani. Korongo aliishika ile ya tope, akakivutavuta kitambaa cha magotini, akanitazama. Nikamwambia ukipita na hiyo mtaani watasema dada yake amemvika gunia. Akairudisha mezani.

"Haya, dada."

Maisha yake yote mdogo wangu alinijibu hivyo. Nilidhani ni heshima.

Muuzaji alipokuwa anaikunja akasema ikibana irudishwe kabla ya wiki kwisha, ataibadilisha. Siku ya pili tu Korongo akaja kwangu. "Dada, inanibana magotini. Nikivaa na soksi siwezi kuinua mguu sawasawa." Nikamjibu mpira huzoea mwili, uvumilie. Akasema yule baba amesema tunaweza kurudisha. Nikamwambia nenda mwenyewe basi, mimi sirudi pale kuchekwa na mtu mwenye miwani ya uzi. Nilijua hatakwenda. Bila mimi hajawahi kurudisha hata chumvi iliyolowa.

Siku ya tisa akateleza. Kuna jiwe pana ambalo hulipanda ili avuke upande wenye kina, amelipanda miaka arobaini. Akainua goti, mpira ukamvuta, mguu haukufika, na ule mwingine ukatoka chini yake. Alianguka kwa nyonga. Mvunja kokoto aliyekuwa akifanya kazi ukingoni ndiye aliyemsikia, akamtoa kwa mgongo wake. Aliniambia baadaye suruali ilikuwa nzuri sana, mkanda wa kiunoni umeshika, ndani hamkuingia hata tone.

Nyonga ilivunjika vibaya. Wakaiunga kwa vyuma. Sasa anatembea na magongo mawili, hatua kumi na tano, anapumzika. Daktari alisema mto ausahau.

Alipolazwa watu walikuja kumwona, wafanyakazi wenzake wa zamani, majirani. Kila mmoja akauliza ilikuwaje. Akawajibu, "Nilichagua nguo mbaya. Nilipenda rangi." Mimi nimekaa pembeni ya kitanda nasikia. Nikatandika vizuri ncha ya shuka.

Alipotoka nikamchukua kwangu, chumba cha nyuma. Binti yake anafanya kazi mji mwingine, anakuja kila mwisho wa mwezi. Ni mtoto mzuri lakini ana mdomo. Akiingia tu, "Shikamoo mama mkubwa," halafu anamgeukia mama yake: "Ungemsikiliza dada yako haya yasingekupata. Ulikwenda na mtu mwenye akili dukani, ukachagua kwa macho kama mtoto!" Kila mwezi. Na kila mwezi Korongo ananitazama, kidogo tu, halafu anatazama dirisha. Na mimi nakwenda jikoni kuangalia chai ambayo haijaiva.

Mwaka ukapita hivyo.

Mwezi uliopita binti alianza tena, mama yake anakunja nguo zake kitandani. Safari hii sikwenda jikoni. Sijui kwa nini. Nikasema, "Nyamaza. Nilichagua mimi. Alitaka ile pana nikamnyima. Alitaka kuchuchumaa nikamzuia. Alitaka kurudisha nikamkatalia."

Korongo akaendelea kukunja gauni mpaka likawa dogo kama kitambaa cha mkono.

"Mwaka mzima, dada," akasema. "Mwaka mzima umekaa hapo unanisikiliza nikisemwa."

"Wewe ndiye uliyesema ulichagua mwenyewe."

"Nilisema siku ya kwanza. Nikadhani siku ya pili utakataa."

Nikalichukua lile gauni, nikalikunjua, nikaanza kulikunja upya.

Akamwambia binti yake atafute gari. Nikamwuliza unakwenda wapi, kwa binti yako ni ghorofa ya tatu, utashukaje. Akasema, "Sitashuka. Hata hapa sishuki popote." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemjibu.

Mizigo niliibeba mimi mpaka garini, binti alitaka kunipokea nikakataa. Nikaweka magongo kiti cha nyuma. Nikamwambia Korongo afunge dirisha, upepo utampata.

Akaliacha wazi.