Paka Chini ya Mashine ya Mazoezi

Wamuyu wa Molo alipougua presha, mwanawe Jeff hakuja kumwona. Alimtumia mashine ya kukimbilia ndani ya nyumba. Mama aliyebeba viazi maisha yake yote sasa atembee sebuleni bila kufika popote!

Basi akaipa kazi ya maana. Kwa baridi ya Molo nguo hazikauki, kwa hivyo akawa anaanika mablanketi juu yake, na chini yake paka wake Karani akajifanyia chumba cha kulala. Plagi ilikaa imechomolewa. Siku za kufuata amri ya daktari ya kutembea, Wamuyu aligonga kwanza ubavu wa mashine kwa mwiko mpaka Karani atoke akinung'unika.

Krismasi Jeff akaja, simu mkononi. Alitaka video ya mama akifanya mazoezi, marafiki waone. Akatupa mablanketi kitini, akachomeka plagi.

"Ngoja nimtoe paka!" Wamuyu alipiga kelele kutoka jikoni.

"Mum, huyo ataruka mwenyewe."

Akabonyeza kitufe. Karani hakuruka. Mkanda wa mashine ulimeza mkia, na kilio kikafika kwa majirani. Wamuyu alipong'oa plagi, mkia ulikuwa unashikwa na ngozi tu.

"Pole, Mum. Nitakununulia mwingine."

"Nunua. Si kununua ndiko unakojua? Huyu ndiye nimekula naye kila jioni tangu babako azikwe."

Akamviringisha Karani kwa jaketi ya Jeff, ile ya bei, akatoka kumtafuta daktari wa mifugo. Hakumwambia mwanawe chakula kiko wapi.